Kalamu Kabla ya Tanuru

Uvute waya wa nikeli na titani hadi urefu wake uongezeke kwa asilimia 6, kisha uuachie: unarudi ulivyokuwa. Waya wa kawaida ungebaki umerefuka. Aloi hii iliyozaliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani leo hunyoosha meno ya vijana na kutanua mishipa ya damu iliyoziba. Madaktari wamesifiwa vya kutosha. Mimi namsifu anayekaa na karatasi na kutueleza kwa hesabu kilichomo ndani ya waya.

Ukivutwa, atomi zilizojipanga kimchemraba huhama kwa pamoja, kila moja ikibaki na majirani wake, na kuingia katika mpangilio ulioinama. Mkazo ukiondoka, zinarejea. Mwaka 1953 watafiti Patel na Cohen walionyesha kwamba kazi inayofanywa na mkazo hujumlishwa na msukumo unaotokana na kupoa. Kwa hiyo waya ukiwa moto zaidi, sharti uvutwe kwa nguvu zaidi, na hesabu inasema ni kiasi gani.

Utamu wenyewe uko mpakani. Mipangilio miwili yenye vipimo tofauti lazima ishikane bila kupasuka, mithili ya kitambaa kinachovutika kilichoshonewa kwenye kisichovutika. Katika nikeli na titani, mpangilio mpya una sura 12, nazo hupangana kwa matabaka membamba hadi wastani wake ulingane na upande wa pili. Mwaka 1987 watafiti John Ball na Richard James walithibitisha kuwa matabaka hayo hujitokeza yenyewe pale nishati inapotafuta kiwango cha chini kabisa. Hakuna aliyeyachomeka katika mlinganyo. Huo ndio ufundi. Modeli yenye vigezo lukuki, iliyorekebishwa mpaka ikubaliane na kila jaribio, mimi hainishtui.

James na wenzake wakaenda mbali zaidi: je, vipimo vikilinganishwa kwa usahihi, sura moja haiwezi kukaa mpakani peke yake, bila matabaka? Mwaka 2013 walitangaza aloi ya zinki, dhahabu na shaba iliyotungwa kwa kufuata masharti hayo. Ilipashwa na kupozwa zaidi ya mara 16,000, na halijoto yake ya kugeuka haikusogea hata nusu digrii. Kwa bei ya dhahabu, haitafika kwa daktari wa meno karibuni. Lakini masharti yaliyoiongoza yalipatikana kwanza kwa kalamu, tanuru likafuata.