Kizuri Chajiuza? Uhakiki wa Tangazo Moja la Nyumba

Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi na kuitungia maswali ya mtihani, lakini ni mara chache tumejiuliza kizuri hujiuzaje kikiwa mbali na macho ya mnunuzi. Embe sokoni hujiuza kwa sababu mnunuzi analiona, analinusa na kulibonyeza. Nyumba iliyoko Dar es Salaam, ikitangazwa kwenye intaneti na kusomwa na mtu aliye Kampala, Nairobi au Muscat, hainusiki wala haibonyezeki. Mnunuzi ana picha chache na maneno tu.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki tangazo moja la aina hiyo katika sura zake tatu: lilivyoandikwa mara ya kwanza, lilivyosahihishwa na sisi walimu, na lilivyoandikwa upya na wanafunzi wa mwaka wa pili. Hatukusudii kumcheka aliyeliandika. Tunataka kujiuliza sisi walimu wa Kiswahili huwa tunasahihisha nini hasa tunaposhika kalamu nyekundu.

Tangazo lilivyotufikia

Mwenzetu mmoja, Mtanzania aliyefundisha hapa Uganda kwa miaka mingi, anakaribia kustaafu. Anataka kurudi kwao na kujenga karibu na ndugu zake, na fedha anazozitegemea kwa ujenzi zimo katika nyumba yake ya ghorofani iliyoko Upanga. Tangazo lilikuwa limekaa kwenye intaneti kwa miezi saba. Watu watatu walikwenda kuitazama nyumba, na wote watatu walirudi wakilalamika kwamba walichokikuta sicho walichokitarajia. Tangazo lenyewe, lililoandikwa na mpwa wake, lilisema hivi:

"INAUZWA! INAUZWA! Apatimenti kali sana ya kisasa, vyumba tatu kimoja masta, choo cha pablik, sebule kubwa, jiko mzuri, ghorofa ya tatu, sehemu tulivu Dar, maji na umeme saa 24, pakingi ya kutosha, dakika 5 tu toka barabarani. Bei chee, milioni 210! Usikose bahati hii. Wahi sasa! Madalali hapana."

Mwenzetu alituomba tulisahihishe, nasi tukafanya kama tulivyozoea. "Vyumba tatu" tukaandika vyumba vitatu, na "jiko mzuri" likawa jiko zuri. "Apatimenti kali" ikawa nyumba ya kisasa yenye kuvutia, "pakingi" ikawa maegesho ya magari, na "toka" ikawa kutoka. "Bei chee" tuliiona ya mitaani, tukaandika bei nafuu. Tuliporidhika kwamba upatanisho wa kisarufi umekaa sawa, tukalirudisha tangazo kwa fahari. Tungekuwa tunalitolea alama, lingepata zaidi ya 80.

Siku chache baadaye tulilipeleka darasani kama mfano wa usahihishaji mzuri. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kwani nyumba yenyewe ina ukubwa gani?" Hatukuwa na jibu. Mwingine akauliza kama choo cha umma kilichotajwa kinalipiwa.

Vivumishi visivyobeba kitu

Hapo ndipo tulipoanza kulisoma tangazo upya, safari hii kwa macho ya mnunuzi. Tatizo la kwanza ni vivumishi. "Kali", "ya kisasa", "zuri", "kubwa", "tulivu", "ya kutosha": kila kimoja kina sarufi yake, lakini hakuna kinachomsaidia msomaji kukataa au kukubali. Sebule kubwa kwa mtu aliyezoea chumba kimoja si kubwa kwa mtu mwenye watoto sita. Maegesho ya kutosha magari mangapi? Tulipomuuliza mwenye nyumba, alijibu kwamba ana nafasi ya gari moja.

Kwa upande huu marekebisho yetu hayakusaidia lolote. Pengine yaliharibu, kwa kuwa "kali" ya yule kijana ilikuwa angalau na uhai wa mtaa wake, na msomaji alijua anazungumza na mtu. Sisi tuliondoa uhai huo na hatukuweka taarifa yoyote mahali pake. Methali tuliyoanza nayo inatuhukumu hapa: sifa tupu, ziwe za mitaani au sanifu, ni bidhaa inayojitembeza.

Maneno yenye mipaka

Tatizo la pili ni zito zaidi kwa idara kama yetu, inayofundisha Kiswahili nje ya pwani kilikokulia. Tangazo liliandikwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam lakini linasomwa na Waswahili wa nchi nyingi.

Chukua "choo cha pablik". Mkazi wa Dar es Salaam anaelewa mara moja kuwa ni choo kilicho ndani ya nyumba, kinachotumiwa na wakazi wasio na choo chumbani mwao. Sisi tuliandika "choo cha umma", na mwanafunzi wetu wa Kampala akaona choo cha stendi ya mabasi. Ilitosha kueleza wazi: chumba kimoja kina choo na bafu ndani, na vyumba viwili vinatumia choo na bafu vilivyo koridoni.

Chukua vilevile "ghorofa ya tatu". Neno ghorofa lina kazi nyingi: huweza kuwa jengo zima, au tabaka moja la jengo. Nyumba ya ghorofa tatu si nyumba iliyo ghorofa ya tatu, na tofauti yote imebebwa na kihusishi kimoja kidogo. Zaidi ya hayo, wapo wanaohesabu tabaka la chini kuwa ghorofa ya kwanza, na wapo wanaoanza kuhesabu baada ya kupanda ngazi. Mmoja wa wale watatu waliokwenda Upanga alikuwa na mama mwenye maumivu ya magoti. Jengo halina lifti, na tangazo halikulisema hilo.

Hata shilingi ina mipaka. Uganda, Kenya na Tanzania zote zina shilingi, na thamani zake hazilingani hata kidogo. "Milioni 210" bila kutaja ni za nchi gani ni fumbo kwa msomaji wa Nairobi. Wapo wanaokwepa fumbo hilo kwa kuandika bei kwa dola, lakini kanuni zilizotangazwa Tanzania mwezi Machi 2025 zinakataza kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Ni lazima basi iandikwe shilingi za Tanzania, kwa ukamilifu.

Na "dakika 5" ni za gari au za miguu? Za alfajiri au za saa ya foleni? Barabara ipi? Upanga ina mambo yanayotajika kwa majina: Hospitali ya Taifa Muhimbili, Barabara ya Umoja wa Mataifa, na kituo cha Fire cha mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016. Muuguzi wa Muhimbili akisoma jina la hospitali yake hahitaji kuambiwa kwamba sehemu hiyo ni nzuri.

"Inauzwa" na "haiuzwi"

Tatizo la tatu limo katika neno la kwanza kabisa. "Inauzwa" ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humficha mtenda. Nani anauza? Darasani tungesema hilo ni jambo la sintaksia tu. Lakini aliyepita mitaa ya Dar es Salaam ameona kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu "Nyumba hii haiuzwi", na hapa Uganda yapo maandishi ya aina hiyo kwenye viwanja. Wenye mali huandika hivyo kwa sababu matapeli wameuza mali zisizo zao. Mnunuzi anayesoma "inauzwa" ana haki ya kuogopa. "Mmiliki mwenyewe anauza, na hati ipo kwa jina lake" ni sentensi inayojibu hofu hiyo. Tangazo la kijana lilikaribia kulisema jambo hili kwa "Madalali hapana", kisha likaishia njiani. Sisi tulilifuta kabisa kwa kuona halina adabu.

Sura ya tatu

Wanafunzi waligawanywa katika vikundi. Kila kikundi kilipewa nafasi ya kumuuliza mwenye nyumba maswali kumi, kisha kikaandika. Tuliyapatanisha maandiko yao, na matokeo ni haya:

"Mmiliki mwenyewe anauza nyumba yake ya vyumba vitatu vya kulala iliyoko Upanga, Dar es Salaam. Ipo ghorofa ya tatu, ya chini kabisa ikihesabiwa kuwa ya kwanza. Unapanda ngazi mara mbili, hakuna lifti. Ukubwa ni mita za mraba 96. Chumba kimoja kina choo na bafu ndani. Viwili vinatumia choo na bafu vilivyo koridoni. Sebule ina roshani inayoelekea mashariki, hivyo haipigwi na jua la jioni. Kuna tangi la maji la lita 2,000 na mita ya LUKU ya peke yake. Jengo halina jenereta. Nafasi ya gari ni moja. Kituo cha mwendokasi cha Fire ni dakika 15 kwa miguu. Mchango wa ulinzi na usafi wa jengo ni shilingi 60,000 za Tanzania kwa mwezi. Bei ni shilingi za Tanzania milioni 210, maelewano yapo. Piga simu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni."

Hakuna hapa neno "zuri" hata moja. Hata hivyo, roshani inayoelekea mashariki, kwa mtu anayejua joto la Dar es Salaam wakati wa jioni, ni sifa kubwa kuliko "kali sana".

Kulikuwa na mvutano. Kikundi kimoja kiliandika kwamba rangi ya jikoni imebabuka. Mwenzetu aliposoma alisema, "Jamani, mnaniuzia nyumba au mnaishtaki?" Swali hilo tulilijadili kwa kipindi kizima. Tulikubaliana kwamba kasoro zinazorekebishika kwa gharama ndogo zirekebishwe, na zisizorekebishika zisemwe. Jiko likapakwa rangi. Lifti, isiyoweza kujengwa, ikatajwa kwamba haipo. Mnunuzi atakayeikuta kasoro mwenyewe, baada ya kulipa nauli, hataamini hata yale yaliyo kweli.

Picha nazo zilibadilishwa kwa kufuata kanuni ileile. Za mwanzo zilipigwa usiku, moja ikionyesha nguo zilizoanikwa na nyingine ikionyesha choo kikiwa wazi. Mpya zilipigwa asubuhi, mapazia yakiwa yamefunguliwa, zikipangwa kama mgeni anavyoingia: mlango wa jengo, ngazi, sebule, roshani, jiko, vyumba. Chini ya kila picha kuna sentensi moja inayosema mpigaji alisimama wapi.

Hitimisho

Hadi tunaandika makala haya nyumba haijauzwa. Hata hivyo, simu zimebadilika. Zamani wapigaji waliuliza iko wapi hasa na ni shilingi za wapi. Wiki iliyopita mmoja aliuliza: "Hati imebakiza miaka mingapi?" Tulitazamana. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria hiyohiyo haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Aidha, ipo sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo, kama Uganda ilivyo na yake ya mwaka 2001. Tangazo letu, lililojisifu kwa ukweli, halikugusa lolote kati ya hayo. Kiswahili huvuka mipaka bila pasipoti. Sheria za ardhi hazivuki. Sura ya nne ya tangazo inaandikwa.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wanafunzi wetu wengi watakwenda kukifundisha huko, na wataulizwa na watoto Kiswahili kinafaa nini. Jibu halitapatikana katika ngeli peke yake. Sisi tulisahihisha ngeli zote za tangazo lile, na mtu mzima anayetaka kurudi kwao tukamwacha palepale alipokuwa.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Mpe mwanafunzi aandike tangazo la nyumba anayoijua, kisha mpe mwenzake asiyeijua achore ramani ya nyumba hiyo kutokana na tangazo. Nusu ya alama itoke kwenye sarufi. Nusu nyingine itoke kwenye ramani.