Rawalpindi: kasi ya T20 ndani ya siku tano

Desemba 2022, siku ya kwanza ya mechi ya kriketi ya Testi dhidi ya Pakistan mjini Rawalpindi, Uingereza ilifikisha mikimbio 506 kwa kupoteza wiketi nne. Iliwachukua ova 75 tu, maana mwanga ulikwisha mapema. Rekodi ya siku ya kwanza, 494, ilikuwa mikononi mwa Australia tangu 1910. Zak Crawley, Ben Duckett, Ollie Pope na Harry Brook kila mmoja alivuka mia, na Brook alimchapa Saud Shakeel wa Pakistan mipigo sita ya mikimbio minne katika ova moja.

Walinzi wa mchezo wa kale waliguna: hii ni T20, mchezo mfupi wa ova 20, iliyovikwa nguo nyeupe. Kwa upande wa upigaji, kweli. Ila wengi waliishia kuhesabu mikimbio, wakasahau kuhesabu muda.

Pichi ile ilikuwa imekufa. Pakistan nayo ilijibu kwa 579, na katika mazingira hayo mechi huishia sare. Uingereza ilimaliza zamu yake ya kwanza na 657 katika ova 101. Kwa mwendo wa zamani wa mikimbio mitatu kwa ova, jumla hiyo ingehitaji ova 219. Siku nzima ya Testi ina ova 90, kwa hiyo papara ile iliyolaumiwa iliokoa zaidi ya siku moja ya mchezo. Zamu ya pili walipiga 264 kwa wiketi saba katika ova zisizozidi 36, kisha, kwenye mapumziko ya chai ya siku ya nne, nahodha Ben Stokes akatangaza kuifunga. Pakistan ilitakiwa kupata 343, na muda wa kuipata ulikuwepo. Huo ulikuwa mtego: timu inayoona ushindi haijifungii nyuma kutafuta sare.

Sasa tazama nani alizichukua wiketi. James Anderson, akiwa na miaka 40, alipata nne. Mechi yake ya mwisho ya T20 ya kimataifa ilikuwa 2009. Ollie Robinson alipata nne pia, naye hajawahi kuichezea Uingereza T20 hata moja. Waliushika mpira uliochakaa wakaupinda kinyume, wakachanganya na mipira mifupi ya kifuani, saa baada ya saa. Kufikia chai ya siku ya tano Pakistan ilikuwa na 257 kwa wiketi tano, imebakiza 86. Wiketi tano zilizosalia zikaanguka kwa mikimbio 11. Jack Leach alimnasa Naseem Shah mguu mbele ya wiketi, jua likielekea kuzama, na Uingereza ikashinda kwa mikimbio 74. Mchezo mfupi ulinunua muda, na mchezo mrefu ukautumia.

Dawa hiyo haiponyi kila mahali. Oktoba 2024, uwanja uleule, Pakistan iliikausha pichi kwa mafeni na vipasha joto, ikawapa mpira Noman Ali na Sajid Khan wauzungushe. Wawili hao walichukua wiketi 19 kati ya 20. Zamu ya pili Uingereza ilitoka na 112, na mfululizo ukapotea 2-1. Mpira unapogeuka hivyo, mpigaji anahitaji subira ya miguu, na ova 20 hazifundishi subira hiyo.

Hata hivyo hilo ni kosa la mbinu, nalo hurekebishwa mazoezini. Madhara ya kweli ya T20 yako kwenye kalenda. Februari 2024 Afrika Kusini ilikwenda New Zealand kucheza Testi mbili bila nyota wake, kwa kuwa SA20, ligi yake ya T20, ilikuwa ikiendelea nyumbani. Katika kikosi cha wachezaji 14, saba hawakuwahi kucheza Testi, akiwemo nahodha mwenyewe, Neil Brand. Walipoteza zote mbili, na kwa mara ya kwanza katika historia New Zealand ikaishinda Afrika Kusini mfululizo wa Testi. Mwezi huohuo mmoja wa nyota hao, Aiden Markram, alikuwa akiinua kombe la SA20 kama nahodha wa Sunrisers Eastern Cape.

Juni 2025, fainali ya ubingwa wa dunia wa Testi, Lord's. Afrika Kusini ilihitaji 282 kuishinda Australia. Markram huyohuyo alikaa mipira 207, akapiga 136, na nchi yake ikatwaa taji kwa wiketi tano mkononi. T20 haikumharibu, lakini ile Februari ilimweka mbali na Testi. Basi wanaopanga ratiba waache kugonganisha ligi na Testi. Wachezaji wenyewe wanaimudu michezo yote miwili.