Wafuata Nyoka wa Sakaerat

Asubuhi huanza na antena. Katika msitu wa hifadhi ya Sakaerat, kaskazini-mashariki mwa Thailand, wanaojitolea hupenya vichakani wakisikiliza mlio wa kifaa kidogo ambacho kimepandikizwa ndani ya mwili wa kobra mfalme, nyoka anayeweza kupita mita 5 na anayekula nyoka wenzake.

Kutisha? Kidogo. Kuchosha ndiko kwingi: jasho, miiba, kisha kuandika mahali, saa, hali ya hewa. Mara nyingi nyoka mwenyewe haonekani. Yumo shimoni, amejipumzikia zake.

Hongera zao! Subira hiyo ndiyo iliyofichua kwamba kobra hawa hutoka hifadhini, wakazurura mashambani, na barabara kuu huivuka kwa chini, kupitia madaraja na makalvati yaliyojengewa maji.