Neno Lililomshika Hamlet

Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Hamlet, onyesho la nne, mzuka wa mfalme aliyekufa unamwashiria mwanawe aufuate. Horatio na Marcellus wanamshika asiende. Hamlet anaapa kwamba yeyote atakayethubutu kum-“let” atageuzwa mzuka papo hapo. Katika Kiingereza cha leo kitenzi hicho ni cha kuruhusu, hivyo msomaji wa sasa anaweza kudhani Hamlet anatishia kumuua atakayemwachia njia. Kumbe ni kinyume: atamuua atakayemzuia.

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili. “Lætan” kilimaanisha kuacha au kuruhusu; “lettan” kilimaanisha kuzuia. Karne zilivyopita, matamshi yakakutana, na maana mbili zinazopingana zikajikuta katika umbo moja. Ya kuruhusu ikashinda. Ya kuzuia imebaki pembezoni: kwenye tenisi, pale mpira wa kuanzishia unapogusa wavu kabla ya kuangukia mahali pake na kulazimika kurudiwa, na katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite bila kizuizi.

Wahariri hulimaliza suala hili kwa tanbihi fupi: hapa maana ni kuzuia. Jukwaani hata tanbihi hiyo haihitajiki, kwa sababu mikono ya Horatio inatosha kuwa kamusi. Ukurasa hauna mikono. Katika Biblia ya King James ya 1611, kitenzi hichohicho kimo katika Wathesalonike wa Pili 2:7, na kwa sikio la leo anayeuzuia uovu anageuka kuwa anayeuruhusu. Toleo lililorekebishwa la 1881 likakiondoa.

Hata hivyo, tanbihi ya Hamlet ni sahihi bila kutosha. “Lettan” ni ndugu wa neno la Kiingereza la kuchelewa, “late”. Kwa asili yake, kumzuia mtu kulikuwa kumchelewesha. Kiswahili kinaweza kulibeba jambo hili kuliko Kiingereza cha sasa. Mtafsiri akiandika “atakayenizuia”, ameipata maana ya mstari. Akiandika “atakayenikawisha”, ameipata tamthilia nzima.

Kwa maana Hamlet ni hadithi ya kukawia. Usiku ule anajinasua kwa nguvu kutoka kwa rafiki zake, tayari kuua kwa ajili ya dakika chache alizopotezewa. Baadaye anamkuta Claudius peke yake, amepiga magoti, hakuna mkono wowote unaomshika, naye anaurudisha upanga alani. Aliyeapa kumwadhibu mkawishaji anakuwa mkawishaji wake mwenyewe.

Wahenga husema kawia ufike. Hamlet alikawia, na kweli akafika: baada ya Polonius, Ophelia na mama yake kufa, na sumu ikiwa tayari mwilini mwake.