Sifa za Mchaguzi wa Tairi

Mwenye pikapu aendaye kununua tairi nne katika mji wa Tanga hana budi aulizwe maswali kabla ya kuonyeshwa bidhaa, na akikuta muuzaji aliyekwisha kuanza kusifu bei na umbo la kashata hali hajamwuliza gari linakwenda wapi, linabeba nini na linapita majira gani ya mwaka, ni heri aage kwa adabu akatafute duka jingine. Kuchagua tairi ni elimu, tena ni elimu inayokamilishwa na watu wawili, mmoja aujuaye mpira na mwingine aijuaye njia. Nimekusudia kuisifu elimu hiyo, kwa sababu mavuno ya wakulima, maisha ya abiria na safari za usiku za kuwahisha wagonjwa hospitali hutegemea hukumu yake, na wenye kuitoa hukumu hiyo, wakiwa wameketi barazani kando ya kompresa na beseni la maji ya kutafutia pancha, ni nadra kupata shukrani inayowastahili.

Fundi hodari hulisikiliza gari kabla ya kumsikiliza mwenyewe. Hupitisha kiganja juu ya tairi kuukuu, kutoka bega la ndani hadi bega la nje, kisha hukirudisha polepole, na mkono ule humpa habari ambazo mwenye gari pengine hakujua kuwa anazo. Kashata zikilika katikati na kubaki nzima mabegani, gari hilo limezoea kujazwa upepo kupita kiasi; mabega yote mawili yakilika na katikati kubaki na kimo, limebebeshwa mizigo mizito kwa upepo haba; ukilika upande mmoja tu, magurudumu hayakupangika sawa, na tairi mpya, ziwe za thamani gani, zitaliwa vivyo hivyo mpaka kasoro hiyo iondolewe. Vipande vidogo vilivyomeguka kwenye kingo za kashata ni alama ya kokoto kali, na mkato wa ubavuni ni alama ya jiwe lililochongoka au ya ukingo wa korongo. Fundi anayeitupa tairi iliyochakaa nyuma ya banda bila ya kuitazama hufanana na kadhi anayefukuza mashahidi kabla ya kusikia shauri.

Ndipo ifikapo zamu ya mwenye gari kusema, na hapa panatakiwa insafu ya nafsi kuliko fedha. Wengi wetu tukiulizwa habari za njia zetu hutaja ile iliyotutisha mara moja, mto uliofurika au tope lililotulaza porini, wala hatutaji ile tunayoipita kila siku ya Mungu. Kwa hiyo mtu ambaye sehemu kubwa ya maisha ya gari lake hupita juu ya lami baina ya Tanga na Muheza hununua tairi za matope, zenye kashata ndefu zilizoachana, akavumilia ngurumo zake mwendo wote, akaziona zikiisha upesi, na mvua ikinyesha akatambua kuwa gari lahitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame, kwa kuwa mpira unaoigusa barabara ni mchache. Mwingine huchukua tairi laini za lami kwa kuwa bei yake ni nafuu, na masika ya kwanza humkuta kwenye mlima wa Amani, mifereji ya tairi imejaa udongo mwekundu, magurudumu yanazunguka papo kwa papo, na gari linaanza kurudi kinyumenyume.

Mlima wa Amani nautaja kwa makusudi, maana sijui njia iliyo bora kuliko hiyo kwa kumfahamisha mtu faida ya tairi za njia zote, hizi ambazo wauzaji huzitambulisha kwa herufi A na T. Anayekwenda kuchukua iliki, mdalasini na pilipili manga katika vijiji vya Usambara ya Mashariki huondoka pwani juu ya lami, akaiacha Muheza na michungwa yake, kisha akaingia barabara ya udongo ipandayo kwa mapindi ndani ya msitu, ambamo mawe yaliyochomoza, mizizi, maji yavukayo njia na udongo utelezao hufuatana katika safari moja, na wakati mwingine katika pindi moja. Safari ya namna hiyo yataka tairi ambayo imekubali kushindwa kidogo na nyingine kila mahali ili isimwangushe dereva mahali popote, na kuiunda tairi yenye tabia hiyo ni kazi ya akili kubwa.

Itazame kwa karibu. Kashata zake za katikati zimesongamana, zikiachiana nafasi ndogo tu, ili juu ya lami ziegemeane zisiyumbe. Kadiri zinavyokaribia mabegani nafasi hupanuka, ili tope liingialo lipate pa kutokea gurudumu linapozunguka. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vya mpira ambavyo asiyejua huvidhania pambo, kumbe vimewekwa kuyasukuma mawe nje yasikwame yakauchimba mpira mpaka kwenye nyaya. Juu ya kashata zenyewe kuna chanjo nyembamba, ambazo hufunguka zinapogusa barabara iliyolowa na kuishika kwa kingo nyingi, na kashata za mabegani huteremka kidogo hadi ubavuni ili ziukinge na miamba. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitoa tairi ya radiali ya njia zote mwaka 1976, miaka 88 baada ya John Boyd Dunlop wa Belfast kusajili tairi yake ya upepo, na miaka 30 baada ya Michelin wa Ufaransa kusajili ubunifu wa radiali mwaka 1946. Fikra za vizazi kadhaa zimo katika kila tairi iliyotundikwa ukutani mwa duka, na mimi huona ni taksiri kubwa kuinunua bila ya kuisoma.

Husomwa ubavuni. Kwa pikapu ya Toyota Hilux ya siku hizi aghalabu utakuta maandishi 265/65R17. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni radiali, maana yake nyuzi za ndani hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kupishana kwa mshazari. Na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kisha hufuata nambari ndogo ambayo wanunuzi wengi huipita, nayo ndiyo mchaguzi mwema huikazia macho, yaani nambari ya uzito. Tairi iliyoandikwa 112 huchukua kilo 1,120, na iliyoandikwa 120 huchukua kilo 1,400, kila moja ikiwa na upepo wake kamili. Zile zenye herufi LT zimejengwa kwa ajili ya magari ya mizigo, na nyingi huuzwa kwa sifa ya plai 10. Hapo zamani plai zilihesabiwa kweli, tabaka juu ya tabaka za nguo ya pamba. Leo nambari hiyo hutaja nguvu inayolingana na tabaka hizo, ingawa tairi yenyewe ina tabaka chache za nyuzi zilizo imara zaidi. Msafirishaji wa magunia ya machungwa atazishukuru nguvu hizo kila siku ya soko, lakini mwenye kubeba watoto wake na mikoba miwili atarushwarushwa na ugumu wa tairi kwa ajili ya uwezo asiouhitaji.

Kuna kishawishi kimoja ambacho nimeona kikiwashinda hata watu wenye akili timamu, nacho ni tamaa ya tairi kubwa. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17, kipenyo cha tairi huongezeka kwa milimita 26 hivi, lakini tumbo la gari huinuka kwa nusu ya hizo tu, yaani milimita 13. Kwa ajili ya milimita hizo 13 saa ya mwendo, ikiwa ilikuwa sahihi, husoma 80 hali gari linakwenda karibu 83, injini huongezewa kazi, na usukani ukikatwa hadi mwisho gari likiwa na shehena, huenda tairi ikakwaruza madigadi. Wenye kupenda upana nao na waitazame pikapu ya Land Cruiser iliyowekwa tairi nyembamba za 7.50R16, zisizozidi upana wa inchi saba na nusu kwa jina lake, inavyolipasua tope juujuu na kuishika ardhi ngumu iliyo chini. Mbele ya macho tairi hiyo haina haiba. Mbele ya udongo mweusi wa mbugani mimi naipenda kuliko nyingi zilizo pana.

Tairi nne na ziwe za kipimo kimoja, na uchakavu wake usitofautiane sana. Pikapu nyingi zikivuta kwa magurudumu yote manne huzifunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, na tairi za mbele zikiwa fupi kuliko za nyuma, tofauti ile hugeuka kuwa mkazo ambao juu ya ardhi ngumu hauna pa kutokea isipokuwa katika gia na difu. Fundi anayemkataza mteja kununua mbili tu kwa haraka ya fedha anamwokoa na hasara iliyo kubwa zaidi, hata kama siku hiyo ataonekana mchoyo wa huruma.

Umri nao una hukumu. Mwisho wa maandishi ya ubavuni yaanzayo kwa herufi DOT pana tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, kiasi kwamba 2319 ni tairi iliyotoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2019. Jua na joto hukausha mpira hata kama tairi haijagusa barabara, na watengenezaji wengi hawataki itumike baada ya miaka 10. Wazee wa udereva huzikumbuka kwa mapenzi siku ambazo General Tyre ya Arusha ilikuwa ikifyatua tairi humu humu nchini. Sasa zinavuka bahari, zikakaa bohari, zikakaa dukani, na mnunuzi asiyesoma tarakimu hizo huweza kulipia kama mpya kitu kilichokwisha kuzeeka gizani. Katika tairi za mtumba hatari ni zaidi, maana kashata nzima huwapumbaza watu wasizione nyufa nyembamba za ubavuni, na mimi nathubutu kusema kwamba kipara kinachoonekana ni hatari ndogo kuliko ubavu uliopasuka usiotazamwa.

Hata uchaguzi ulio bora huharibiwa na upepo usio kadiri yake. Anayeshuka kwenye njia za mchanga kusini ya Pangani, kuelekea Ushongo, hufanya vyema akipunguza hadi ratili 18 hivi kwa inchi mraba, kwani tairi hulala, ikaongeza eneo la kukanyaga na kuelea juu ya mchanga. Lakini arudipo lamini sharti ajaze kabla ya kukimbia, kwa kuwa tairi yenye upepo haba hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, ikajipatia joto, na joto hilo ndilo hutenganisha tabaka za ndani mpaka tairi ikapasuka.

Kazi ikiisha fundi mwema hukaza nati kwa kupishanisha, moja hapa na ya mkabala wake kule, akapima upepo wa zote nne, kisha akalala chini ya gari kuisoma tairi ya spea iliyoning'inia huko katika vumbi, ambayo mara nyingi ni nzee kuliko zote. Ikiwa imepita umri husema wazi, ijapokuwa mteja amekwisha kulipa na anataka kuondoka, na humwagiza arudi baada ya kilomita 100 nati zikazwe tena.