Mita Zisizochorwa

Mzee mmoja ninayemfahamu amestaafu, lakini michoro bado inamfuata nyumbani kwake Ilala. Vijana wa ofisi za ukadiriaji majenzi humletea zabuni inapokaribia kufungwa, hasa sehemu ya umeme, maji na viyoyozi ikiwa imewashinda. Wanamwamkia, wanaketi, wanatandaza karatasi juu ya meza ya chakula. Yeye hagusi kalkuleta kwanza. Huchukua penseli za rangi na kuanza kutembea ndani ya jengo ambalo bado halijajengwa: bluu kwa maji baridi, kutoka kwenye mita hadi tangini na kutoka tangini hadi jikoni, nyekundu kwa maji moto, kahawia kwa maji machafu, hadi chemba ya mwisho. Kila bomba lililokwisha kupimwa hupata rangi yake. Mstari uliobaki bila rangi ni fedha iliyosahauliwa.

Kuta na zege humwachia yeyote. Matofali, anasema, hata mwenye nyumba anaweza kuyahesabu akiwa amesimama kivulini. Yanayomkosesha usingizi ni yale yatakayozikwa chini ya lipu.

Nimekaa pembeni ya meza ile mara nyingi, na somo ninalolipenda kuliko yote ni la kimo. Ramani hulitazama jengo kutoka juu. Inatoa urefu na upana, kimo inakimeza. Swichi ya taa ni kiduara chenye mkia, basi. Lakini dari iko mita 3 juu na swichi iko mita 1.4 kutoka sakafuni; waya lazima ushuke mita 1.6, na nyaya ni mbili, moja ya kupeleka umeme na moja ya kuurudisha kwenye taa. Swichi moja imekula mita 3.2 ambazo hakuna aliyezichora. Nyumba yenye swichi 30 imekwisha kumeza mita 96, karibu rola zima, kabla hata mtu hajapima umbali wa chumba hadi chumba. Soketi ndiyo mlafi zaidi. Ikiwa sentimita 30 juu ya sakafu, nyaya tatu hushuka mita 2.7 kutoka darini, na kama mzunguko unaendelea zinapanda tena kwenda soketi ya pili: zaidi ya mita 16 kwa alama moja ndogo. Kijana mmoja alikuwa amepima nyaya zote kwa rula ya skeli, darini tu, kwa unadhifu wa kupendeza. Mzee akamtazama. “Mwanangu, huu umeme wako utashuka kwa ngazi?”

Kijana alicheka, akafuta, akaanza upya. Sidhani kama atasahau.

Na mabomba nayo yana kimo chake, kilichojificha kwenye mteremko. Bomba la maji taka la inchi 4 likilazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40, basi baada ya mita 20 limezama nusu mita. Maana yake chemba ya mwisho ni ya kina zaidi kuliko ya kwanza, mtaro ni wa kina zaidi, udongo wa kuchimba na kurudishia umeongezeka, na yote hayo yametokana na namba mbili zilizoandikwa pembeni ya mstari. Kiyoyozi vilevile. Mteja amekwenda dukani, ameuliza bei ya mashine ya BTU 12,000, ameiandika. Mzee huuliza swali moja kwanza: maji yake yatatokea wapi? Kwenye swali hilo kuna bomba la maji, bomba la shaba na koti lake, vishikio vya ukutani, waya wake peke yake na swichi yake ya kukatia. Halafu huja swali la mwisho, ambalo ndilo huleta ugomvi kwenye saiti: nani anatindua ukuta, na nani anaziba? Fundi bomba anasema ni kazi ya mwashi. Mwashi anasema hakuambiwa. Kama mkadiriaji hakuiandika, haina baba.

Kosa hili la kusahau yasiyochorwa halikuanzia kwetu. Bunge la Uingereza lilipoungua mwaka 1834, Charles Barry alilichora upya, na makisio yakawa pauni laki saba na ushee, kazi ya miaka 6. Lilimeza zaidi ya pauni milioni 2 na miaka zaidi ya 20. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mimi hupenda moja: kazi ya hewa alipewa David Boswell Reid baada ya ramani kuchorwa, naye akadai nafasi ya njia zake, hata mnara wa katikati ukaongezwa ili hewa chafu ipate pa kutokea. Mbunifu na mtu wa hewa wakagombana kwa miaka. Hewa haikuwamo kwenye ramani ya kwanza.

Mzee alijifunza kwa miguu. Alifuatana na mafundi, akaandika kwenye daftari fundi mmoja na saidia wake wanatindua mita ngapi kwa siku, tofali mbali, zege mbali. Elbo ngapi na tii ngapi huingia kwenye bafu moja. Mvua ya masika inapunguza nini. Bei alizifuata mwenyewe mtaani Gerezani, duka kwa duka. Madaftari hayo yapo. Hajaja mtu kuyaazima, na sioni dalili.

Siku hizi tuna programu inayohesabu alama zote za swichi kwa dakika moja. Ila inahesabu alama. Na hiyo ndiyo nafuu. Wengine hawahesabu kabisa. Wanachukua gharama ya jengo, wanakata asilimia fulani waliyoirithi kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na bei, ya mradi mwingine, wanaibandika jina la umeme na mabomba, yamekwisha. Jengo la mradi ule lilikuwa na ghorofa ngapi, choo kilikuwa upande gani wa jengo, haiulizwi. Baadaye utamwona fundi akivunja marumaru iliyowekwa juzi, na barua ya kuomba nyongeza iko njiani.

Hivi karibuni nilipita ofisi moja mjini. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kazi za umeme za jengo la ghorofa nne katika mstari mmoja, jumla moja, nzuri, iliyofungwa kwa sifuri nyingi. Nikamuuliza binti aliyekuwa akiiandaa urefu wa waya ni kiasi gani.

“Mjomba, fundi umeme ametuma bei kwa simu. Imeshaingia.”