Misali na Hukumu ya Bahari

Magharibi ya Pemba kipo kisiwa cha Misali. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri (wengine humwita Hadhara) alifika hapo akaomba msala wa kusalia. Wavuvi hawakuwa nao, naye akawaambia kuwa kisiwa chenyewe ni msala wake, kwani kimeelekea kibla.

Misali ilitangazwa hifadhi mwaka 1998. Katika miaka iliyofuata, taasisi ya IFEES ya Uingereza na shirika la CARE waliwafikishia wavuvi na walimu wa madrasa mafunzo ya Qur'ani kuhusu ukhalifa wa mwanadamu, mizani na kuepuka israfu. Tunalipongeza jambo hilo. Amri ya serikali mtu huivunja doria ikishaondoka. Ya Mola wake ataikimbilia wapi?

Lakini wako wanaotanguliza kisa cha msala kana kwamba ndicho kilichoharamisha baruti pale. Kisa hicho ni masimulizi, hakina sanadi, na hukumu haijengwi juu yake. Tena kina hatari: aiogopaye baruti Misali kwa utukufu wa mahali, nini kitamzuia akivuka mkondo?

Mahali penye hukumu yake kwa nassi ni Haram ya Makka na ya Madina, ambako windo haliwindwi wala mti haukatwi. Ama Naqii, Mtume (S.A.W.) aliihifadhi kwa malisho ya farasi wa Waislamu. Hiyo ndiyo himaa, na illa yake ni maslahi ya umma, si utukufu wa udongo. Sehemu ya Misali iliyofungwa kwa uvuvi tunaikisia hapo. Na mafakihi wameshurutisha himaa isiwadhiki watu. Basi haki ya mvuvi wa dago isisahauliwe kwa ajili ya mgeni mwenye kamera.

Limebaki suala la samaki. Aliyeuawa kwa baruti ni halali kuliwa, kwani maiti ya bahari ni halali hata afe vipi. Kilicho haramu ni kitendo: baruti huvunja matumbawe, huua vichanga vya samaki visivyomfaa yeyote, na humkata mkono mvuvi mwenyewe. Khatibu akimwita samaki huyo nyamafu, mvuvi aliyesoma kidogo tu atamshika kwa hilo, kisha atayakataa na yale ya kweli aliyoyasema.